Mshahara 1,200,000: zaka inakatwa wapi, na michango inatoka wapi?

Mteule_Dom

Bwana asifiwe wapendwa. Naweka hesabu kwanza ili majibu yawe na pa kushika.

Mshahara wa msingi ni 1,200,000, sekta binafsi. Ukishakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara) na Bodi ya Mikopo (deni la chuo), mkononi inafika 748,000. Matumizi ya lazima kwa mwezi: kodi ya nyumba 150,000, chakula 200,000, nauli 60,000, mdogo wangu aliye shuleni 80,000, umeme, maji na gesi 45,000, bando 20,000, hisa za VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) 40,000. Jumla 595,000. Inabaki 153,000. Mke wangu anakaanga chipsi, mauzo yanacheza kwenye 60,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hela hiyo inazunguka kwenye mtaji na mboga, hatujawahi kuipigia hesabu.

Zaka naitoa kabla ya makato au baada? Ya chipsi inatoka kwenye mauzo au kwenye faida? Juu ya hapo nina kadi tatu za harusi za 50,000 kila moja, na ahadi ya jengo la kanisa 600,000 inayotakiwa iishe Desemba, nami naanza kulipa mwezi huu wa Aprili. Naamini kabisa Mungu ameniita niwe mtoaji, hilo ndilo kusudi langu. Ila kwa namba hizi, mtoaji anatokea wapi?

Mweka_Hazina

Amina mkuu. Tuanze na hati yako ya mshahara, maana watu wengi hubishania zaka kabla hawajaisoma.

NSSF asilimia 10 ni 120,000. Inabaki 1,080,000, na hiyo ndiyo inayotozwa PAYE: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya 80,000 iliyozidi, yaani 24,000. Jumla ya PAYE ni 152,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 180,000. Toa vyote hivyo unapata 748,000 uliyoitaja. Hesabu yako iko sawa.

Sasa kuna zaka tatu zinazowezekana hapo, si mbili.

Ukitoa kabla ya makato ni 120,000. Ukitoa kwenye inayofika mkononi ni 74,800. Ya tatu wengi hawaifikirii: 92,800. Inatokana na kurudisha makato ya Bodi kwenye hesabu (748,000 + 180,000 = 928,000), kwa sababu kulipa deni si kodi. Ile hela uliwahi kuipokea na ukaitumia, ada ikalipwa, boom (hela ya kujikimu chuoni) likaliwa. Kama hukuitolea zaka wakati ule, basi mapato unayolipia deni leo ni mapato yako kamili. Kama boom ulilitolea zaka chuoni, sehemu hiyo usiitoe mara mbili.

NSSF ni habari ya wakati. Ukitoa zaka kwenye mshahara mzima leo, michango yako ya NSSF umeshaitolea, hivyo siku ya mafao utatoa kwenye kilichozidi tu. Ukiiacha leo, andika mahali kwamba mafao yote yatatolewa zaka yakija. Kosa la kawaida ni kuiacha leo kwa hoja kwamba "bado haijanifikia", halafu siku ya mafao kusema ilishatolewa.

PAYE ndiyo penye ubishi wa kweli. Anayesimamia Mithali 3:9, malimbuko ya mazao yote, atakuambia Mungu anatangulia TRA, mamlaka ya mapato. Anayesema hiyo 152,000 hajaishika wala hana uamuzi nayo hajakosea pia. Walawi 27:30-32 inazungumzia nafaka, matunda ya miti na wanyama, na hakuna PAYE mle. Kwa maoni yangu, mwenye deni la Bodi na familia changa aanzie 92,800 akiwa na dhamiri safi kuliko 120,000 itakayomfanya aruke miezi mitatu kwa mwaka. Zaka ya 120,000 kwako ni asilimia 16 ya hela unayoishika. Inawezekana, ila lazima ujue kwamba ndicho unachokifanya.

Na uulize kanisani kwako. Wasabato zaka yote inapanda konferensi kwa ajili ya huduma ya injili, haibaki kujenga choo cha kanisa la mtaa, kwa hiyo sadaka za mtaa ni hesabu nyingine juu yake. KKKT (Walutheri) wanakwenda zaidi kwa ahadi ya mwaka na bahasha zenye namba. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa inawadai waumini kulitegemeza Kanisa bila kutaja asilimia, na parokia nyingi zinakusanya zaka kupitia jumuiya ndogo ndogo. Jibu la 120,000 au 92,800 lina uzito tofauti kutegemea umekaa benchi lipi.

Jiko_la_Mkaa

Hapo kwenye chipsi ndipo penye kazi, kaka. Na kabla ya yote: hiyo biashara ni ya mkeo. Msije mkamaliza kuigawa hapa mtandaoni yeye yuko kwenye karai.

Mauzo si mapato. Ukikata asilimia 10 ya mauzo, 60,000 kwa siku 26 ni 1,560,000, zaka 156,000. Sasa angalia siku moja ya kibanda cha kiwango hicho (bei zenu zinaweza kuwa tofauti, muhimu ni mpangilio): viazi 22,000, mafuta 14,000, mayai 6,000, mkaa 5,000, nyanya, pilipili, vifungashio na vijiti vya meno 3,000. Jumla 50,000. Faida ghafi 10,000 kwa siku, 260,000 kwa mwezi. Toa kodi ya kibanda 30,000 na ushuru na usafi 10,000, imebaki 220,000. Zaka ni 22,000. Aliyetoa 156,000 hapo amebakiwa na 64,000 ya mwezi mzima, na kuanzia wiki ya tatu atakuwa anakopa viazi sokoni.

Mambo manne huharibu hesabu hii. Mafuta yanayobaki kwenye karai jioni si faida wala hasara, ni mtaji unaohamia kesho, na mkaa uliobaki vivyo hivyo. La pili ni chakula kinachokwenda nyumbani. Sahani mbili za chipsi mayai kila jioni ni hela, ziandikwe kama mauzo kwa bei ya gharama, la sivyo faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo na chakula chenu cha 200,000 kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. La tatu, mkopo wa VICOBA ukiingia kwenye biashara hautolewi zaka, ni deni. Faida utakayoizalisha nao ndiyo inayotolewa. Na riba ya mkopo huo ni gharama ya biashara, lakini marejesho ya mkopo wenyewe si gharama.

La nne ndilo baya zaidi: pochi moja. Hela ya viazi, hela ya mboga na hela ya sadaka zikikaa kwenye aproni moja, Jumapili anatoa kilichopo, Jumatatu hana mtaji. Awe na daftari la safu tano: tarehe, mauzo, manunuzi, kilicholiwa nyumbani, kilichobaki. Kila jioni dakika tano tu. Mtaji wa kesho (50,000) ukae kwenye kopo lake, usiguswe hata kwa msiba. Faida ya siku ihamie kwenye simu, laini ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Mwisho wa mwezi ndipo zaka inapigwa.

Mwezi wa hasara hauna zaka, na hilo si dhambi. Siku ya mvua kibanda kikiuza 15,000 usilazimishe.

Mwinjilisti_77

Naongeza kwenye Neno, maana watu wananukuu Malaki 3:10 kana kwamba ndiyo Biblia nzima.

Torati ina fungu la kumi la namna zaidi ya moja. Hesabu 18:21 ni la Walawi, ambao hawakugawiwa ardhi. Kumbukumbu 14:22-27 ni la karamu: mtu na nyumba yake wanakula mbele za Bwana. Aya ya 28 na 29, kila mwaka wa tatu fungu linabaki mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba akishapeleka asilimia 10 madhabahuni amemalizana na maskini hajaisoma Torati. Bwana Yesu katika Mathayo 23:23 hakuwakemea Mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa na bizari. Aliwakemea kwa kuacha adili, rehema na imani.

Kinyume chake pia ni kweli. Marko 7:11-13 inamzungumzia mtu anayewaambia wazazi wake kwamba msaada aliopaswa kuwapa ni Korbani, umewekwa wakfu. Kumbe hela ya Mungu inaweza kugeuzwa ukuta wa kuwakwepa wazee. Na 1 Timotheo 5:8 haina kona: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Ile 80,000 ya mdogo wako, mpendwa, usiidharau. Ni utoaji tayari, ingawa haina bahasha.

Kuhusu kusudi. Warumi 12:8 inataja kukirimu kama karama, basi unaweza kuwa nayo. Lakini karama ya kutoa haipimwi kwa kiasi. 2 Wakorintho 8:12 inasema kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Fundisho la "panda mbegu ya laki uvune milioni" linageuza madhabahu kuwa mchezo wa kubahatisha, na wanaoumia ni wenye mishahara kama wako. Waefeso 4:28 ndiyo ratiba nzuri zaidi ya mtoaji: afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Kazi kwanza, halafu kitu, halafu mhitaji.

John Wesley aliwahi kuwaeleza waumini habari za kijana mmoja wa Oxford aliyekuwa na pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka wa pili akapata 60, akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Wa tatu 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Mtoaji anaanza kwa pauni 2. Anachokifanya ni kuweka kikomo cha maisha yake kabla nyongeza haijafika.

Mweka_Hazina

Hapo kwa Wesley niongeze namba za huku, watu wasijidanganye. Ukipandishwa 150,000, kufika 1,350,000, ukiwa bado na deni la Bodi: NSSF inaongezeka 15,000, PAYE 40,500, Bodi 22,500. Inayofika mkononi ni 72,000 tu. Ukishaahidi kanisani kwa kuangalia 150,000, umeahidi hela ya serikali. Na kikomo kisigande kama pauni 28 zile, kodi ya nyumba hupanda. Kipandishe kwa kupanda kwa bei, si kwa kupanda kwa mshahara.

Wa_Thika

Huku Kenya makato yamekuwa mengi zaidi: NSSF, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 ya mshahara mzima, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha PAYE. Ukichanganya na zaka ya kabla ya makato bila bajeti, tarehe 10 uko kwa mkopo wa simu. Kwa hivyo naunga mkono hesabu hapo juu.

Ila nyinyi mnaongea tu juu ya anayetoa. Anayepokea pia ana wajibu. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ambayo Rais Ruto alitoa katika kanisa la Soweto na kuagiza irudishwe. Kama kanisa linaweza kurudisha hela ya rais, kamati ya jengo inaweza kumwambia mshirika mwenye mshahara mdogo, "ndugu, punguza ahadi." Mchungaji anayejua kondoo wake hamsimamishi mtu mbele ya kipaza sauti aseme kiasi.

Mteule_Dom

Nashukuru sana. Tumekaa na mke wangu jana, tumekubaliana 92,800 kwa mshahara. Daftari ameanza yeye mwenyewe, na amesema kwenye faida yake, zaka ikishatoka, atachangia 40,000 kwa mwezi kwenye mambo ya ndugu na wahitaji. Sasa kwangu inabaki 60,200. Jengo 600,000 kwa miezi tisa ni karibu 66,700 kwa mwezi. Haitoshi. Nikope VICOBA nimalize ahadi?

Mweka_Hazina

Usikope kulipia ahadi. VICOBA ina nafuu yake, lakini mtu akianza hivyo, ahadi ya mwaka kesho anaiendea kausha damu, mikopo ya riba kubwa ya mtaani. 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni 60,000 ya riba tupu, na ndani ya miezi mitano riba imefika mkopo wenyewe. Umejenga kanisa kwa 300,000 na umemjengea mkopeshaji kwa 300,000.

Ahadi ni neno, Mhubiri 5:4-5 iko wazi, kwa hiyo usinyamaze tu mpaka Desemba. Andika barua fupi sasa, Aprili, kwa mweka hazina au katibu wa kamati: kiasi kile kile 600,000, ila 50,000 kwa mwezi hadi Machi. Kamati iliyokomaa itakubali, kwa sababu inanunua vifaa kwa hela inayoingia kwa uhakika. Inayoiua ratiba ya ujenzi ni ahadi ya milioni 40 kwenye karatasi na milioni 11 benki, fundi ameshamwaga msingi na nondo hazijalipwa.

Baada ya jengo kwako inabaki 10,200. Ukiunganisha na 40,000 ya mkeo ni 50,200. Ningegawa hivi: harusi 20,000, misiba 10,000, wahitaji 20,000, na hiyo 200 iende kwenye makato ya kutuma. Harusi 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 240,000. Kadi tatu za 50,000 zikishakula 150,000, zinabaki 90,000, yaani harusi nyingine tisa za 10,000. Kamati za harusi zinapokea kwa awamu, waambie mapema na uwape tarehe. Kadi ya kumi na tatu ikija Oktoba, jibu ni "mfuko wa harusi wa mwaka umeisha, nitakuja siku yenyewe kusaidia kupanga viti". Atakayenuna atanuna.

Siku ya mshahara gawa kabla ya kuingia dukani. Ndiyo utaratibu wa 1 Wakorintho 16:2, siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, Paulo akija asikute watu wanachangishana. Laini ya pili ya simu au akaunti ndogo ya benki inatosha.

Na kwenye bahasha: jaza mistari yote. Ukiandika jumla tu bila kutenganisha zaka, ahadi na jengo, kwa kawaida wahesabu wanaiingiza mfuko mkuu, halafu Desemba unakuta kadi yako ya jengo ina nafasi tupu na unabishana na mzee wa kanisa. Ukilipa kwa simu, tumia lipa namba au akaunti ya kanisa yenye jina la kanisa. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, hata kama unamfahamu, simama, piga ofisini kwanza. Tunza ujumbe wa muamala hadi upate risiti. Paulo mwenyewe, kwenye ule mchango wa Yerusalemu, hakusafirisha hela peke yake. 2 Wakorintho 8:19-21 anataja ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu. Kanisa ambalo hesabu yake anaijua mtu mmoja na benki sahihi ni ya mtu mmoja, una haki ya kuuliza kwenye kikao, tena kwa heshima.

Jiko_la_Mkaa

Kwenye ile 20,000 ya wahitaji, neno moja. Usiitawanye mia tano mia tano. Kusanya miezi mitatu, 60,000, ndipo uchague nyumba moja. Ukimsaidia mwanafunzi, lipa shuleni na uchukue risiti. Hela mkononi ya mlezi inakutana na sukari na mgonjwa kabla haijafika kwa mhasibu, na si kwamba ana nia mbaya.

Ukimpa mtu mtaji, mpe vitu: karai, mfuko wa unga, gunia la mkaa, na umwachie hela ndogo ya chenji tu. Halafu amueni mapema kama ni zawadi au mkopo, mkiwa mnatazamana. Zawadi isiyosemwa huja kudaiwa siku mkikosana, na mkopo usiosemwa haulipwi. Kama ni mkopo, mkopeshe kiasi ambacho kisiporudi nyumba yenu bado italipa kodi. Kwa namba zenu, sasa hivi hicho hakizidi 40,000. Mkeo ndiye ajue nani anapewa, kwa sababu kibandani ndiko watu wanakosimama muda mrefu na kusema shida zao, wewe utazisikia jioni zikiwa zimeshapikwa.